Kadi imepotea, umehama mwalo, majina hayafanani: unapiga kura au unarudishwa? (Uzi maalumu Kanda ya Ziwa)

Mwaloni Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Chaguzi ndogo za kata hazikosekani na 2030 nayo haiko mbali, lakini maswali ya watu wa Mwanza, Ukerewe, Buchosa na Muleba ni yale yale ya 2020 na 2025. Kadi imeangukia ziwani. Nimehamia kisiwa kingine. NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya Taifa) wameandika jina langu vingine. Majibu yametawanyika kwenye matangazo ambayo mtu wa kisiwani hayamfikii, au yanamfikia siku tatu baada ya kituo kufungwa. Tuyaweke hapa.

Nianze na msingi. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria imzuie anayeshindwa kuthibitisha umri, uraia au kuandikishwa kwake. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya 2024, na msimamizi wake ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Siku ya kura msimamizi wa kituo anataka kujua mambo mawili tu. Jina lako limo kwenye Daftari la Wapiga Kura la kituo kile? Na wewe uliyesimama mbele yake ndiye mwenye jina hilo? Kadi inajibu la pili. La kwanza hailigusi. Mwenye kadi safi kabisa ambaye jina lake liko Kayenze hapigi kura Kirumba. Aliyepoteza kadi lakini jina limo, anaweza kupiga.

Kwa waliopoteza kadi au zilizoharibika, Tume mwaka 2020 na tena 2025 iliruhusu vitambulisho mbadala vitatu: pasipoti, leseni ya udereva na kitambulisho cha Taifa. Masharti yake: uwe umeandikishwa, uende kituo ulichoandikishwa, na majina kwenye kitambulisho yafanane kwa herufi na yaliyomo kwenye Daftari. Hilo la herufi ndilo linalorudisha watu nyumbani. Wenye uzoefu wa vituoni mlifafanue.

karani mwongozaji

Mkuu umeanza vizuri. Nichukue hapo kwenye herufi.

Shule moja ya msingi mjini inaweza kuwa na vituo vinne au vitano, kila kimoja kwenye darasa lake, na wapiga kura wamegawanywa kwa alfabeti. Orodha hubandikwa nje siku chache kabla. Sasa chukua jina la Kisukuma kama Ng'wandu. Mwandishi mmoja kaliandika Ng'wandu, wa pili Nghwandu, wa tatu kaacha alama akaandika Ngwandu, na mgeni asiyezoea majina ya huku kasikia Mwandu. Huyo wa mwisho yuko kwenye karatasi ya M, darasa jingine kabisa, na mwenye jina anasimama mbele ya karatasi ya N anasema nimefutwa. Hajafutwa. Kabla hujaanza kulalamika pitia karatasi zote za kituo, na ulitafute jina kwa kila namna linavyoweza kuandikwa.

Makosa mengine ninayoyataja kwa sababu yanajirudia kila mwaka: L na R (Kulwa, Kurwa), herufi mbili (Masanja, Massanja, Doto, Dotto), majina ya ubatizo yaliyoandikwa kwa sikio (Magreti, Magreth, Magret, Maiko, Michael), na jina la babu ambalo upande mmoja lipo na upande wa pili halipo. Daftari lina "Kulwa Masanja", NIDA ina "Kulwa Masanja Ng'wandu". Ukiwa na kadi ya mpiga kura mkononi hili halikusumbui, kwa sababu kadi na Daftari vimetoka kwenye ingizo moja na vina kosa moja. Tatizo linaanza siku kadi ikipotea ukategemea NIDA.

Msimamizi mwenye busara akiona picha ni yako na tofauti ni herufi moja anaweza kukuelewa, ila usipange safari kwa kutegemea busara ya mtu. Kuna mawakala wa vyama mle ndani, jina linasomwa kwa sauti ili walisikie, na wakala yeyote ana haki ya kuhoji.

Mama Dotto wa Igoma

Na sisi wanawake? Kadi ya mpiga kura ina jina la mume, NIDA ina jina la baba.

karani mwongozaji

Hilo ni lile lile, tena kwa wanawake ndiyo linauma zaidi kwa sababu jina lote la mwisho linabadilika, si herufi moja. Dada, ukiwa na kadi ya mpiga kura huna tatizo. Usiipoteze tu. Ukitaka viwiane, rekebisha upande wa Daftari wakati wa uboreshaji, yaani zoezi la Tume la kuandikisha wapya na kusahihisha taarifa: nenda kituo cha kuandikisha na kadi yako pamoja na kitambulisho cha Taifa, sema unataka marekebisho ya taarifa, hakikisha jina linaingizwa kama lilivyo kwenye NIDA hadi alama ya ng'. Huduma hiyo ya Daftari ni bure. Kurekebisha upande wa NIDA kuna ada, viambatanisho na kusubiri.

Watu wengi hukimbilia kwa wakili kutengeneza kiapo cha majina wakidhani kitawasaidia kituoni. Kiapo kinasaidia benki au NIDA. Kwenye orodha ya vitambulisho vya kupigia kura hakimo.

Halafu jambo dogo ambalo ukilipuuza linakugharimu: ukikaa mbele ya mwendesha mashine ya BVR (ile ya kuandikisha kwa picha na alama za vidole) usimtajie jina, mpe kitambulisho au cheti asome mwenyewe. Akimaliza kuchapa, omba uone skrini kabla hajachapisha kadi. Kusahihisha kabla ya kuchapisha ni dakika moja. Baada ya hapo ni foleni upya, na kesho yake mashine imehamia kijiji kingine.

Nansio Juu

Swali la kizembe labda. Mtu alijiandikisha kwa mwenyekiti wa kitongoji Oktoba 2024. Je, huyo tayari yuko kwenye Daftari?

Mwaloni Kirumba

Si la kizembe hata kidogo, limewaponza wengi. Hayumo.

Kuna orodha mbili zisizohusiana. Uandikishaji wa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024 ulikuwa wa uchaguzi wa Serikali za Mitaa, ule wa Novemba 27. Uliendeshwa chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kwa kitabu cha mkono, mkazi unaandikwa kwenye mtaa au kitongoji chako, hakuna kupigwa picha wala kupewa kadi. Orodha ile inachagua mwenyekiti na wajumbe, basi. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume, lina picha, alama za vidole na saini, na ndilo linalotumika kwa diwani, mbunge na Rais.

Kwa Mwanza ilivyopangika ni kwamba Daftari lilipita kwanza, Agosti 21 hadi 27, 2024, orodha ya mitaa ikaja Oktoba. Aliyekosa wiki ya Agosti kisha akaandikwa kwa mwenyekiti Oktoba alijiona amemaliza kazi. Nafasi yake ya mwisho ilikuwa awamu ya pili ya uboreshaji, Mei 2025, na hakuitumia kwa sababu hakujua anaihitaji.

Kipimo rahisi: kama hukupewa kadi yenye picha na namba inayoanza na herufi T, hujaandikishwa kwenye Daftari.

Taa za Sola

Wakuu mnaongelea mjini sana. Tuje kambini.

Mvuvi wa dagaa anaishi kwa mwezi wa angani. Giza likiwa zito anavua, mbalamwezi ikiwa kali taa hazivutii dagaa, anapumzika, anashona nyavu au anakwenda nyumbani kusalimia. Agosti 2024 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19, uandikishaji ukaanza tarehe 21. Kwa hiyo siku za mwanzo za zoezi wavuvi wengi walikuwa nchi kavu, lakini nchi kavu ya wapi? Wengine walikuwa kambini, wengine walikuwa wamerudi makwao. Kadiri wiki inavyokwenda mwezi unachelewa kuchomoza, giza la jioni linarefuka, watu wanarudi kazini. Na vituo viko wazi saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, muda ambao mvuvi wa usiku amelala au anaanika na kuuza. Inawezekana kabisa kuwahi, sisemi haiwezekani. Ila anayepanga ratiba ya uandikishaji visiwani bila kufungua kalenda ya mwezi anajitafutia kituo kitupu.

Tatizo kubwa zaidi ni kuhama. Kambi ikikosa samaki, mtumbwi unahama na watu wake: leo Ukara, mwezi ujao Irugwa, baadaye Goziba, ambayo ni Muleba, mkoa mwingine. Mtu ameandikishwa Ukerewe, siku ya kura yuko Kagera. Sheria haimpi mvuvi nafasi ya kupigia kura alipo. Nafasi ya namna hiyo ipo kwa walio kwenye majukumu ya uchaguzi, kama askari na wasimamizi wa vituo, tena wakiwa nje ya jimbo wanampigia Rais tu. Mvuvi lazima arudi kwenye kituo chake, au awe amehamisha taarifa mapema.

Ushauri kwa mwenye maisha ya kuhama: usijiandikishe ulipo kwa bahati wiki ile. Jiandikishe mahali utakapokuwa wiki ya uchaguzi. Kwa wengi hapo ni nyumbani, penye familia, si kambini. Kambi inaweza kuhama au kufungwa kabla ya kura.

Bwisya Gatini

Nyongeza kuhusu idadi ya vituo vya kuandikisha, maana hapa ndipo visiwa vidogo vinapopotezwa. Awamu ya kwanza ya uboreshaji ilikuwa na vituo 40,126 nchi nzima. Awamu ya pili, 2025, vilikuwa 7,869. Yaani kutoka ngazi ya vijiji na mitaa hadi ngazi ya kata. Mjini Nyamagana tofauti hiyo ni nauli ya daladala. Kwenye kisiwa ambacho makao ya kata yake yako kisiwa kingine, ni mtumbwi wa kwenda na kurudi, mafuta ya injini na siku nzima ya kazi. Na ukifika ukakuta mashine imegoma au foleni imefungwa, unalala huko au unarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo kwa watu wa visiwani awamu ya kwanza ndiyo awamu. Ya pili muihesabu kuwa ya dharura.

Aliyekuwa ameandikishwa 2015 au 2020 na hajahama wala kupoteza kadi hana haja ya kusafiri kwenda popote. Kadi za nyuma zilibaki halali. Kuna watu walipoteza siku nzima kwenye foleni kuomba "kadi mpya" ambayo hawakuihitaji, wakaziba njia ya wanaoandikishwa mara ya kwanza.

kijana wa Nyegezi

Mkuu Taa za Sola, je mtu akijiandikisha pande zote mbili, nyumbani na kambini, ili popote atakapokuwa apige?

Taa za Sola

Asithubutu. Alama za vidole zinalinganishwa kwenye mfumo wa kati na aliyejirudia anaonekana. Adhabu ya kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili, au faini ya shilingi 100,000 hadi 300,000, au vyote pamoja. Nia yake inaweza kuwa njema, mahakamani halitasaidia hilo.

Njia halali ni kuhamisha taarifa. Unakwenda kituo cha eneo jipya wakati wa uboreshaji ukiwa na kadi ya zamani. Unaweza kuanzisha ombi kwenye mfumo wa Tume wa mtandaoni, lakini bado lazima ufike kituoni upigwe picha na kuchukua kadi. Ombi la mtandaoni peke yake halijakuhamisha.

wino wa kushoto

Niongeze la vidole kwa sababu linawahusu sana watu wa ziwani. Kuvuta kamba na nyavu usiku kucha, kuanika dagaa kwenye mchanga, kugonga kokoto kule milimani, vyote vinasugua mistari ya vidole hadi mashine inaona ngozi laini tupu. Mwendesha mashine asiye na subira anamwambia mtu "vidole vyako havisomi, rudi kesho". Kesho mistari haiwezi kuwa imeota.

Kinachosaidia: nawa kwa sabuni, hasa kama umetoka kushika samaki, maana ute na mafuta ya samaki vinaacha ukungu kwenye kioo cha mashine. Kausha. Ngozi ikiwa kavu sana na yenye nyufa paka mafuta kidogo, subiri yaingie, kisha futa yote kwa kitambaa. Weka kidole kimelala bapa, tumbo la kidole lote liguse kioo, si ncha. Usikandamize kwa nguvu, kwani mistari inabanwa na kuungana. Mwambie mwendesha mashine afute kioo kwanza, halafu ajaribu vidole vingine. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyochakaa zaidi, cha pete na kidogo mara nyingi vina mistari mizuri. Ikishindikana kabisa, mfumo una sehemu ya kuonyesha kidole kisichosomeka au kisichokuwepo, na picha na saini vinaendelea kuchukuliwa. Asiye na vidole kabisa anaandikishwa, sembuse mwenye vidole vilivyochakaa.

Siku ya kura hakuna mashine ya vidole. Wanaangalia kadi, Daftari lenye picha, na kama kidole chako kina wino.

Sirari Mpakani

Hapo kwenye mashine ndipo tunapotofautiana na jirani. Kenya hawana kadi ya mpiga kura. Unakwenda na kile kile ulichojiandikishia, kitambulisho cha taifa au pasipoti, tena halisi, si nakala, halafu mashine inasoma kidole. Kidole kikigoma kuna fomu maalumu inajazwa mbele ya mawakala ndipo mtu anapiga. Ubaya wake uko nyuma zaidi: kijana asiyepata kitambulisho cha taifa hawezi hata kujiandikisha, na watu wa mipakani wamelalamikia hilo miaka mingi. Kwetu kuandikishwa kwenye Daftari hakulazimishi kuwa na NIDA kwanza. Mimi naona kwa hilo tuko mbele yao.

kijana wa Nyegezi

Mimi napingana kidogo. Kwa nini tubebe kadi mbili? NIDA ina picha, ina vidole, tangu 2020 huwezi kuwa na laini ya simu bila hiyo. Waunganishe tu, kadi ya mpiga kura ifutwe, gharama ipungue.

Bwisya Gatini

Kwa mtu wa Nyegezi ni rahisi kusema. Fuata njia ya NIDA kwa mtu wa Ukara aliyezaliwa nyumbani miaka ya 1980. Anahitaji fomu igongwe mhuri na mtendaji wa kijiji. Aambatanishe cheti cha kuzaliwa, na kama hana, atafute cheti cha shule, cha ubatizo, au nyaraka za wazazi. Ahojiwe uhamiaji. Apigwe picha na vidole. Ofisi ya wilaya iko Nansio, maana yake kivuko cha Bwisya hadi Bugolora, kisha barabara, na kurudi. Kiambatanisho kimoja kikikosekana safari inaanza upya. Akimaliza anapata namba ya tarakimu 20, na kwa miaka mingi watu walikaa na namba kwenye karatasi wakisubiri kadi. Laini ya simu inasajiliwa kwa namba. Kituoni kilichotajwa ni kitambulisho chenyewe, chenye picha.

Kingine ni tarehe. Tarakimu nane za kwanza za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu aliyekadiriwa tarehe kwenye Daftari 2015 na kukadiriwa nyingine NIDA ana tarehe mbili. Ukiunganisha mifumo kwa pupa, huyo ndiye wa kwanza kuonekana si yeye.

kijana wa Nyegezi

Nimekuelewa kuhusu kadi. Bado naamini mwisho wa safari ni mfumo mmoja, ila waanze kwa kugawa vitambulisho vyote kwanza.

Sirari Mpakani

Hapo tunakubaliana. Uingereza walikuwa hawadai kitambulisho chochote kituoni kwa karne nzima, wakaanza kudai chenye picha Mei 2023 kwenye chaguzi za mitaa za England. Walitoa na cheti cha bure kwa asiye na kitambulisho. Tume yao ya uchaguzi ikahesabu watu wapatao 14,000 waliorudishwa na hawakurudi tena, kama asilimia 0.25 ya waliojaribu kupiga kura kituoni. Hiyo ni nchi ambako karibu kila mtu ana leseni au pasipoti. Na waliokata tamaa wakabaki nyumbani hawamo kwenye hesabu ya mlangoni. Kwetu hesabu hiyo ya mlangoni ingesaidia: kila kituo kiandike wangapi wamerudishwa na kwa sababu gani. Bila hiyo tunabishana kwa hisia.

nahodha mstaafu

Vijana mmesahau jambo moja linalouma mwaloni. Kadi zinashikwa. Tajiri wa mtumbwi anamkopesha mvuvi, anachukua kadi yake ya mpiga kura kama dhamana asikimbie na deni. Wakopeshaji wa kausha damu wa mjini nao ni hivyo hivyo, wana droo imejaa vitambulisho vya watu. Siku ya kura mwenye kadi anaona aibu kwenda kuiomba.

Mwaloni Kirumba

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Kadi ya mpiga kura si mali ya kuwekwa rehani. Kumiliki kadi ya mtu mwingine, kuiuza au kuinunua ni makosa ya uchaguzi. Deni linabaki deni na lidaiwe kwa njia zake. Kwa vitendo, mvuvi aende kwa mtendaji wa kijiji mapema, mwezi mmoja kabla, si asubuhi ya kura. Mara nyingi mkopeshaji akisikia neno kosa la uchaguzi anairudisha siku hiyo hiyo. Na kama haikurudi, zile hati tatu mbadala zinamsaidia, mradi nazo hazijashikwa kwenye droo ile ile. Ndiyo maana nasema kadi na NIDA visikae sehemu moja, wala visikae kwenye mtumbwi. Maji yakiingia kwenye kadi iliyochubuka pembeni wino wa picha unavuja na uso unapotea. Iache nchi kavu, kwenye mfuko wa nailoni, kwa mtu unayemwamini.

Nansio Juu

Kuangalia jina kabla ya siku yenyewe ni vipi? Kuna watu hawana intaneti.

karani mwongozaji

Njia tatu. Wakati Daftari la Awali linapobandikwa kwa ukaguzi, nenda kaangalie kwa macho. Huo nao ni muda wa kurekebisha, na pia muda wa kuripoti waliofariki ili waondolewe. Pili, mwaka 2025 Tume iliweka huduma ya kujua kituo chako kwenye tovuti yake na kwenye menyu ya *152*00#, ambayo inafanya kazi kwenye simu ya kitochi. Uwe na namba ya kadi. Kwa hiyo nakili namba yako mahali pengine leo, au ipige picha kadi. Picha haikuruhusu kupiga kura, lakini kadi ikipotea namba unayo. Tatu, orodha za ukutani siku chache kabla. Hapo ni kwa ajili ya kujua darasa lako tu, makosa hayarekebishwi tena.

Saa za kura mwaka 2025 zilikuwa saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa 10 anahudumiwa. Mvuvi wa usiku anatia nanga alfajiri, anakabidhi mzigo, anakwenda kituoni kabla ya kulala. Akilala kwanza ataamka saa 11.

Taa za Sola

Mwezi wa siku ya kura, tarehe 29 Oktoba 2025, ulikuwa nusu, unazama usiku wa manane, kwa hiyo wengi walikuwa majini hadi alfajiri. Hapo kwenye kulala kwanza ndipo walipokosa wengi. Nakazia.

Butimba Kona

Na mahabusu? Ndugu yuko rumande, kesi haijaisha.

Mwaloni Kirumba

Mahabusu hajahukumiwa, haki yake ipo. Kwenye uboreshaji wa 2024 na 2025 Tume iliandikisha magerezani mahabusu na wafungwa wa kifungo kisichofika miezi sita, kwenye vituo vilivyowekwa humo ndani. Lakini kanuni ya kituo ni ile ile: aliyeandikishwa nyumbani Igogo kisha akakamatwa, jina lake liko Igogo. Bila kuhamishwa taarifa kadi yake haimsaidii akiwa ndani. Ndugu waulize uongozi wa gereza mapema, zoezi likitangazwa tu, lini mashine itafika.

Mama Dotto wa Igoma

Swali langu la mwisho. Bibi haoni na hajui kusoma. Kadi anayo. Anayemsindikiza anaweza kuingia naye?

karani mwongozaji

Anaingia naye. Bibi anachagua mwenyewe mtu anayemwamini wa kumsaidia, na msaidizi huyo asiwe msimamizi wala wakala wa chama. Kama bibi anajua nukta nundu, aombe kifaa cha kuwekea karatasi ya kura ili apige mwenyewe. Asipange foleni, wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu wanapita mbele. Mkifika mtafuteni karani wa mlangoni, ndiyo kazi yake. Kadi ya bibi ashike bibi mwenyewe mpaka mezani. Wewe uliyemsindikiza beba na ya kwako kama uko kituo hicho hicho, usije ukarudi Igoma kuifuata.